Mwalimu Rosaline Chelagat: Mwandishi wa Endebess, Malakisi na Ndalu

Mwalimu Rosaline Chelagat Muchiri, tunayemlaza leo katika shamba lake hapa Ndalu, alizaliwa tarehe 9 Juni 1956 karibu na Endebess, katika shamba la mzungu ambako baba yake, Mzee Kiplimo, alikuwa mkamuaji wa ng'ombe. Alikuwa kitinda mimba. Mama yake, Mama Jerono, alisimulia kwamba alimzaa msimu wa kupalilia mahindi, na kila aliposimulia, Rosaline alimhoji mpaka akachoka. Mvua ilikuwa inanyesha? Nani alileta maji? Mlima ulionekana siku hiyo? Hakupenda hadithi isiyo na mahali.

Alianza shule Endebess mwaka wa 1963. Baba yake alipofariki mwaka wa 1966, shangazi yake Lorna, aliyekuwa ameolewa Malakisi, alimchukua akamlea kama mwanawe. Huko alijifunza Kibukusu, na huko ndiko alikoketi na kina mama kutunga majani ya tumbaku kwenye kamba. Kazi ilikuwa ndefu, nao walitaka kuchangamshwa, basi akatunga majani huku akitunga na hadithi. Alimaliza kidato cha nne mwaka wa 1973 katika shule moja ya wasichana mjini Bungoma, kisha akasomea ualimu.

Mwaka wa 1976 aliajiriwa kufundisha Kiswahili katika shule ya msingi mjini Kitale. Likizo zilipofika, wenzake walienda makwao, yeye alizunguka vijiji vya mlimani kwa miguu na kuandika alichokiona. Fundi mmoja wa mbao aliyeletwa kutengeneza madawati, Bwana Muchiri Kagwe, alimkuta ameinamia karatasi wakati watoto wakifanya mtihani.

"Mwalimu, na wewe unafanya mtihani?" akamuuliza.

"Ndiyo, na wewe unanipigia kelele," akajibiwa.

Familia ya Bwana Muchiri ilikuwa imetoka Nyeri na kuhamia Trans-Nzoia. Wazee wa pande zote mbili walinung'unika, lakini wawili hao walifunga ndoa kanisani Kitale tarehe 5 Desemba 1981. Walijenga karibu na Endebess. Bwana Muchiri alichonga mlango wa nyumba yao kwa mikono yake, akaupaka rangi ya kijani. Mungu aliwajalia watoto wawili, Lorraine Kabura na Noah Kagwe.

Machafuko ya kikabila ya mwaka wa 1992 yaliwakuta hapo. Nyumba ilichomwa, na ndani yake riwaya ambayo Mwalimu alikuwa ameiandika kwa miaka mingi. Wengine waliokuja kuwafukuza walikuwa watu aliokua nao. Walikimbilia Bungoma, wakapanga chumba. Marehemu aliililia nyumba. Kitabu hakukitaja hata siku moja. Baada ya miezi kadhaa alinunua karatasi, akaanza upya kutoka ukurasa wa kwanza. Riwaya hiyo, Kibanda cha Tumbaku, ilitoka mwaka wa 1996. Mwaka uliofuata walihamia hapa Ndalu.

Bwana Muchiri aliapa kwamba hatakanyaga Endebess tena. Mwaka wa 2004 Mwalimu alirudi peke yake. Palipokuwa na nyumba palikuwa na mahindi. Akatembea kwa jirani yao wa zamani, Mama Edah, na jikoni kwake akauona mlango wa kijani. Mwalimu akaketi, akaomba chai.

"Mlango ulikuwa umetupwa barabarani, Rosaline," Mama Edah akasema. "Nikaona usiozee mvuani."

"Bado unakwama ukiufunga?"

"Unakwama sana, bana."

Wakacheka, kisha wakalia. Bwana Muchiri aliposikia, alikasirika. "Ukanywa chai? Kwa hao watu?" Kwa muda mrefu hakutaka kusikia habari za safari ile. Lakini kitabu cha safari hiyo, Chai kwa Mama Edah, kilipotoka mwaka wa 2007, alikisoma kwenye karakana yake. Alipokimaliza alifunga randa na patasi kwenye gunia, akaenda Endebess, akaunyoosha ule mlango pale pale ulipo. Hakuomba kurudishiwa. Mama Edah yuko nasi hapa leo.

Marehemu alistaafu mwaka wa 2016 akaendelea kuandika. Mwezi wa Februari 2025 alianza kupata shida ya kumeza. Madaktari walisema ni saratani ya koo. Alitibiwa Kitale na Eldoret, akavumilia, kisha akaomba arudishwe nyumbani.

"Nimeandika kila mahali," alimwambia mumewe, "lakini soko letu hapa Ndalu sijaliandika."

Hakuweza tena kutembea, basi Bwana Muchiri akawa miguu yake. Yeye, ambaye hakuwahi kuandika hata barua ndefu, alienda sokoni na kurudi kumsimulia, naye Lorraine akaandika.

"Mama wa viazi amehamia karibu na posho mill ya kusaga mahindi," Bwana Muchiri alisema siku moja.

"Amevaa nini?"

"Sikuangalia."

"Si urudi uangalie, Muchiri."

Akavaa kofia, akarudi. Tangu hapo aliangalia kila kitu.

Asubuhi ya tarehe 14 Oktoba 2025 mvua ilinyesha, wachuuzi wakajibanza chini ya paa moja, na kuku wa mtu akaponyoka na kuangusha nyanya. Bwana Muchiri alirudi haraka, amelowa, akicheka, kwa sababu alijua habari hiyo itampendeza. Alimkuta Lorraine amesimama mlangoni: Mwalimu alikuwa ametutoka. Aliingia hata hivyo, akaketi kando ya kitanda, akamshika mkono, akamsimulia yote: mvua, kuku, nyanya, na kwamba mama wa viazi alikuwa amevaa leso ya manjano.

Marehemu ameacha mume, Bwana Muchiri Kagwe, watoto, Lorraine na Noah, mkwe, Chepkosgei, wajukuu watatu, kaka yake, Mzee Kipkosgei, na wanafunzi wengi aliowafundisha kutazama.

Mwalimu, safari umeimaliza. Mungu akupumzishe kwa amani.