Nguvu za Mama Pacha

Kijiwe chetu ni benchi nje ya kibanda cha Kinyozi, na nyuma ya ukuta ndipo mkewe, Mama Pacha, anaposhonea nguo. Mchana ule birika la kahawa lilikuwa bado zito na cherehani yake inaunguruma ndani. Amejifungua mapacha juzijuzi tu, shingo zao hata hazijakaza, lakini kesharudi kazini kwa sababu sare za shule zinasubiriwa. Sisi tukipata mafua tunaanza kuusia watoto. Basi tulikuwa tunamsifu, na mimi nilikuwa mstari wa mbele, maana mwanamke yule namheshimu kwa dhati.

Spana, fundi baiskeli, ndiye aliyekuwa ananyolewa.

Spana: Yule mama ni chuma. Sijafungua hata mlango, yeye keshafua, keshaanika, yuko kwenye cherehani.

Redio, mtu ambaye hakuna habari asiyoisikia, akatikisa kichwa.

Redio: Si chuma, ni damu. Kuna wanawake damu yao inazunguka mara mbili ya yetu. Nimesikia kwenye kipindi.

Spana: Kipindi gani?

Redio: Kipindi. Usinikatishe.

Kinyozi alikuwa anatabasamu kama vile yeye ndiye aliyemtia mkewe damu hiyo.

Kinyozi: Niulizeni mimi ninayeishi naye. Mke wangu halali. Usiku nikigeuka namkuta kakaa, mtoto huku, mtoto huku, wote wananyonya. Nageukia ukutani nalala zangu. Nikiamka namkuta vilevile.

Mimi: Na halalamiki?

Kinyozi: Hata siku moja.

Redio: Mnaona? Damu.

Spana: Jana nimempelekea suruali aipunguze. Nimemkuta kafumba macho, mguu unakanyaga pedeli. Anashona bila kuangalia, jamani, na mshono umenyooka.

Redio: Huyo kafika mbali. Vidole vyake vinaona.

Mimi: Juzi nilimwona kashika ukuta, katulia tuli. Nikamsalimia, wala hakuitika.

Redio: Alikuwa anavuta nguvu. Saruji inatunza baridi ya usiku. Mwenye damu ya namna ile anaifyonza kwa kiganja.

Spana: Ndiyo maana kakonda. Nguvu ikiingia, nyama inaipisha.

Redio: Hilo lipo kabisa.

Nikakubali, Mungu anisamehe. Tukajaziana vikombe kwa heshima yake.

Hatukujua kwamba nyuma yetu amesimama mama mmoja na begi begani, vumbi la safari miguuni. Akajitambulisha kuwa ni dada mkubwa wa Mama Pacha. Tukamsogezea nafasi, hakukaa.

— Nimewasikia mnavyomsifu mdogo wangu, nashukuru. Shemeji, leo amekula nini?

Kinyozi akafungua mdomo. Akamtazama Spana, Spana akanitazama mimi, mimi nikamtazama Redio. Redio akainamia kikombe chake.

— Asubuhi labda... akaanza Kinyozi.

— Labda haishibishi, shemeji. Ananyonyesha wawili na hapati usingizi. Anashika ukuta kwa sababu kichwa kinamzunguka. Siku moja ataanguka na mtoto mkononi.

Nilitamani benchi linimeze. Kinyozi akazima mashine, akamwacha Spana na nusu ya kichwa, akaingia ndani. Tukamsikia akimwambia mkewe aache kushona akalale, wenye sare atazungumza nao yeye. Alisema polepole, kwa sauti ambayo pale kijiweni hatujawahi kuisikia. Nilimpenda kwa hilo.

Kisha akatoka na sufuria tupu mkononi, uso umemshuka.

— Jamani, uji unaanza maji au unaanza unga?

Tukatazamana. Wanaume wazima, baba za watu, na hakuna aliyejua.