Bi. Claudette Ouellette na Swali la Jumatatu

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, Bi. Claudette Ouellette anastaafu baada ya kuitumikia Ofisi ya Bima ya Ukosefu wa Ajira ya Carrow Falls kwa miaka thelathini na minne. Wengi wetu hatujawahi kuiona ofisi hii bila yeye. Wenzake walimwomba mwanafunzi anayesaidia mapokezi baada ya masomo aandike wasifu huu, kwa sababu wao, walisema, wangelilowanisha karatasi kwa machozi.

Alianza kazi majira ya baridi, kiwanda cha viatu kilipofungwa na foleni ya watu ikafika hadi kanisani. Aliajiriwa kupokea simu tu. Kabla wiki haijaisha, alikuwa akiwaeleza watu hesabu ya mafao kwa lugha ya mashamba ya viazi, na mpaka leo tunaeleza kama yeye. Watu hufika wakidhani watalipwa kwa kufuata mshahara wa mwisho.

"Mwaka una robo nne," huwaambia. "Kila robo ni pipa. Panga mapipa matano ya mwisho yaliyokwisha kujaa. Lile jipya kabisa liweke kando. Yale manne ya nyuma yake ndiyo tunayopima. Viazi vilivyo bado ardhini usinionyeshe."

Hakuna mkulima aliyeuliza mara ya pili. Muuza magari mmoja aliuliza mara nyingi, kisha akaomba achorewe, naye akachorewa.

Ni mcheshi, lakini hadanganyiki. Anayelipwa sharti aonyeshe kila wiki kwamba anatafuta kazi. Bwana mmoja alidai kuwa kila Jumapili humwomba kazi shemeji yake.

"Shemeji yako ana kampuni?"

"Ana trekta, mama."

"Na trekta lina viti vingapi?"

"Kimoja."

"Basi wiki hii jaribu mahali penye viti viwili."

Leo bwana huyo anaendesha basi la shule, na kila asubuhi hupiga honi akipita dirishani kwa Bi. Claudette.

Hata hivyo, jambo atakalokumbukwa kwalo zaidi ni swali lake la Jumatatu. Wanaume wa Carrow Falls wana aibu moja: akiambiwa kazi imekwisha, mtu huona afadhali aseme ameacha mwenyewe. Nyumbani husema hivyo, kwenye baa husema hivyo, na kwa bahati mbaya hata kwetu husema hivyo. Sheria nayo haimlipi aliyeacha kazi kwa hiari bila sababu nzito.

Ndivyo ilivyomkuta Roland Michaud, baba wa anayeandika haya, ambaye ameruhusu isimuliwe. Kiwanda chake cha mbao kilifuta zamu ya jioni mwezi Oktoba. Msimamizi alipomwita, Roland alichukua kopo lake la chakula akasema anaondoka mwenyewe. Alipohojiwa kwa simu alirudia maneno hayo, na ombi lake likakataliwa. Tangi la mafuta ya kupashia nyumba joto lilikuwa karibu tupu, na mkewe alikuwa ameshaanza kuziba madirisha kwa plastiki.

Alikuja ofisini kurudisha kalamu aliyoichukua kwa makosa siku alipoleta ombi. Bi. Claudette akamwambia aketi.

"Roland, ungerudi Jumatatu na kopo lako, ungefunguliwa mlango?"

"Kwa nini nifunguliwe? Zamu yenyewe haipo."

"Kwa hiyo usingefunguliwa."

"Mama Claudette, mimi nilisema naondoka."

"Nimesikia ulichosema. Nakuuliza kuhusu mlango."

Roland aliiweka kalamu mezani. "Nisingefunguliwa," akasema.

"Basi nenda kwenye rufaa ukaseme hivyo hivyo, na ubishi wako uuache kwenye gari."

Alikwenda, akasema ukweli, na rufaa ikakubaliwa. Lori la mafuta lilifika siku ya theluji ya kwanza. Binti yake alisimama uani akalitazama mpaka lilipomaliza kujaza, kisha akamuuliza baba yake mtu husomea nini ili akae kwenye dirisha la Bi. Claudette.

Kuanzia wiki ijayo Bi. Claudette atakuwa nyumbani na mumewe Normand, kuku wake, na chapati za ngano nyeusi ambazo ametuletea kila siku ya theluji. Tunamshukuru kwa subira yake, kwa ukali wake wa haki, na kwa kutufundisha kuuliza vizuri.

Tumempima kwa swali lake mwenyewe. Bi. Claudette, ukirudi Jumatatu, utafunguliwa mlango? Utafunguliwa, na kahawa utaikuta. Hivyo umeacha kwa hiari yako, na kwa masikitiko tunakuarifu kwamba ombi lako la mafao limekataliwa. Rufaa yako tutaisikiliza jikoni kwako, chapati zikiwa moto. Uwe na siku njema nyingi, na nyumba yenye joto.