Daftari la Vipimo la Bi Futi

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Futi. Ile futi ya kupimia nguo haikumtoka shingoni. Sokoni anayo, msibani anayo. Tumemzika juzi, akiwa na miaka sabini na sita.

Bi Futi alishona sare za shule. Narudia: sare za shule, kwa cherehani ya kukanyaga, katika chumba kimoja ambamo kitanda ndicho kilichokuwa meza ya kukatia. Binti yake alipofariki alimwachia mtoto wa kike wa miaka minne. Bi Futi akaanza malezi upya, magoti yakimuuma. Kwa utani wa bibi na mjukuu, alimwita mtoto huyo "mke mwenzangu".

Mtoto akafikia umri wa darasa la kwanza. Fomu ya shule ilikuwa na mistari miwili ya sahihi: baba, mama. Basi. Bi Futi akatia sahihi kwenye mstari wa mama, na pembeni akaandika kwa herufi kubwa: BIBI. Fomu ikarudishwa. Akaenda ofisini mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wenzake wako darasani, mtoto yuko nyumbani anahesabu vifungo. Likumbukeni hilo, maana wapo wanaotaka tulisahau. Mtoto alikosa muhula mzima kwa sababu ya mstari.

Mjukuu huyo leo ni mwalimu. Anasimulia: "Karani alimuuliza, 'Wewe ni nani wake?' Bibi akajibu, 'Mke mwenzangu huyu. Tuligombea mume mmoja, naye katukimbia kaenda kaburini.' Mimi nikacheka. Karani hakucheka. Akasema, 'Mama, kesi kama yako ni moja tu. Hatubadilishi fomu kwa ajili ya mtu mmoja.'"

Moja tu! Alimwambia nani?

Fundi huyu alikuwa na desturi yake. Kila mtoto aliyempima, aliandika daftarini kifua, kiuno, urefu, na aliyemleta. Mama huagiza sare ya mwaka huu. Bibi huagiza sare ya miaka mitatu. Kwa hiyo mtoto akiletwa na bibi, Bi Futi aliacha pindo la vidole vinne, la kufumuliwa mtoto akirefuka, bila kuambiwa.

Kesho yake, baada ya jibu lile la karani, alirudi ofisini na daftari. Akalowesha kidole, akasoma kwa sauti mbele ya foleni: "Kifua ishirini na mbili, kaletwa na bibi. Kifua ishirini na nne, kaletwa na shangazi. Kiuno ishirini, kaletwa na babu, na babu mwenyewe kaja peku." Mkubwa wa ofisi akatoka chumba cha ndani. Watoto thelathini na wanane wasioletwa na wazazi, mtaa mmoja.

"Hesabu mwenyewe, mwanangu," Bi Futi akamwambia karani. "Kama huoni, miwani nitakuazima."

Muhula uliofuata mtoto aliingia darasani, na fomu ilikuwa na mstari wa tatu: mlezi. Msije mkaambiwa ofisi ililifikiria hilo yenyewe. Mstari ule ulipiganiwa na mwanamke mwenye futi shingoni. Na kila Alhamisi, mpaka alipougua, walezi walijaa chumbani kwake wakisaidiana kujaza fomu juu ya kile kitanda.

Jana asubuhi babu mmoja alipiga hodi chumbani kwa Bi Futi, amemshika mtoto mkono. Habari za msiba hazijamfikia. Mjukuu akamkaribisha, akamwambia taratibu, wakalia kidogo. Kisha mjukuu akaivaa futi ya bibi yake. Akapima kifua, akapima kiuno. Akaandika: kaletwa na babu. Pindo, vidole vinne.

Kwako mwalimu, na kwa familia yote, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi.

Na wewe unayesikiliza, fikiri. Ukimwona bibi, babu au shangazi yuko kwenye foleni na mtoto mkononi, usimpe pole ukapita. Fuatana naye mpaka dirishani. Wakisema yuko mmoja tu, muwe wawili.