Fundi Utepe na Kopo la Unga wa Mizizi

Ndugu, majirani na wateja mliofika kumsindikiza, marehemu, ambaye wengi mlimzoea kwa jina la Fundi Utepe, alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, kitindamimba wa mkunga na muuza mkaa, akamaliza shule ya msingi mwaka 1982, kisha akajifunza cherehani kwa mjomba wake, aliyemrithisha kibanda na ile tabia ya kumwambia mteja aliyenenepa kwamba si yeye, ni utepe wa kupimia umesinyaa.

Tarehe 17 Septemba 1994 alifunga ndoa na mpishi wa shule, wakajaliwa mabinti wawili, na walipendana kweli, wala hatusemi hivi kwa sababu amelala hapa.

Mwaka 2016, alipokwenda kumchangia dada yake damu, aligundulika ana homa ya ini, akaanza kliniki, akaacha pombe, akaendelea vizuri, mpaka mwaka jana mgongo ulipomkamata, na mkewe, aliyeshindwa kuvumilia kumwona akishona huku ameegemea ukuta, akamnunulia kopo la unga wa mizizi lililoandikwa kuwa halina kemikali. Maumivu yakaisha siku ileile, nyumba nzima ikafurahi, kumbe ndani yake zilisagwa dawa kali za maumivu, na mzigo wote ukaliangukia ini lile lile bovu.

Mwezi Juni mwaka huu macho yakawa manjano, muuzaji akasema ni sumu inatoka, aongeze kijiko. Alipolazwa, madaktari waliuliza anatumia dawa gani nyingine, mkewe akajibu hakuna, tena kwa moyo mweupe, maana kwake ule ulikuwa unga wa lishe tu, akawa anamkorogea kwenye uji hapo hapo wodini, na kila alivyozidi kudhoofika ndivyo naye alivyozidi kujaza kijiko. Muuguzi aliyeliona kopo alilipeleka maabara, lakini majibu yalipokuja ini lilikuwa limekwisha, mkewe akamuuliza daktari, "Kwa hiyo ni mimi niliyekuwa namlisha?" Asubuhi iliyofuata marehemu aliomba uji, akasisitiza aupike mkewe na si mwingine, akaunywa wote. Alifariki tarehe 3 Agosti.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kufagia, mafundi wenzake mlioshona suti aliyovaa, na wewe uliyemletea mjane kopo jingine jana ili apate nguvu, tunajua umefanya kwa upendo, kama yeye alivyofanya, tunakuomba tu urudi ulichukue.

Fundi wetu, pumzika kwa amani.