Mwaliko Ambao Shangazi Hakuusikia

Mheshimiwa Mkurugenzi, wakuu wa idara, Dada wa Matangazo, uliyekaa mbele ili upigwe picha, wageni waalikwa, nanyi madereva wenzangu mliobanana karibu na meza ya chakula kana kwamba kitakimbia: habari za mchana!

Nasema kwa niaba ya madereva. Shule niliiacha njiani, au yenyewe iliniacha, hatujaelewana hadi leo, lakini kwa mdomo humu ndani hakuna wa kunifikia.

Tunamuaga Shangazi wa dawati la malalamiko. Haoni, nyote mnajua. Kompyuta yake humsomea barua pepe sikioni, mbiombio, mimi nasikia kama mafuta yanayokaanga. Kifurushi kikipotea, mteja hajamaliza kupandisha hasira, Shangazi keshanipigia.

"We Kipepeo, dawa za yule mama ziko wapi?"

"Niko mlangoni kwake, Shangazi!"

"Mlangoni kwake siku hizi wanapiga muziki wa baa?"

Basi barua pepe zetu zikavalishwa: rangi, picha, vitufe vya kubonyeza. Dada wa Matangazo, nakusifu, zilipendeza, na wateja waliongezeka. Mkabishana mkutanoni hadi chai ikapoa. Hawa wakasema maandishi tu bila mapambo yanatufanya tuonekane duka la uchochoroni; wale wakasema picha hazifunguki mtandao ukiwa dhaifu. Fundi wa kompyuta akasema barua moja inaweza kubeba vyote viwili, picha kwa anayeona na maandishi kwa anayesikiliza. Mkatikisa vichwa. Je, kuna aliyekataa? Hakuna. Je, kuna aliyefanya?

Tangu hapo, sikioni mwa Shangazi mashine ikawa inasema, "Picha. Picha. Kitufe." Mtu aliyekuwa akitukimbiza sote akaanza kuomba huyu amsomee, yule amsomee, na kila mmoja wetu ana haraka zake. Mwisho akaomba kuacha kazi. Mkamkubalia kwa masikitiko makubwa, tena kwa barua yenye nembo.

Na mwaliko wa leo, waheshimiwa? Maua, herufi za dhahabu, vyote picha moja. Juzi nilipita mezani kwake nikamtania, "Shangazi, Ijumaa unatutokea na gauni gani?"

Akaniuliza, "Ijumaa kuna nini?"

Mimi, mwenye mdomo huu, nikavuta kiti, nikamsomea mwaliko. Akaniomba nirudie, polepole, pale palipoandikwa kwamba kampuni haitamsahau. Nikarudia. Akavua vile visikizio vya kompyuta masikioni, akaviweka mezani.

"Maneno mazuri," akasema. "Wangeniandikia na mimi."

Mheshimiwa, sina ombi. Niliyetaka kumwombea anaondoka leo. Shangazi, simu yako ikiita jioni, pokea. Ni sisi, hatuna jipya, tunataka tu kugombezwa.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu.