Mama Amri na Barua za Hospitali

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Amri, alizaliwa tarehe 9 Machi 1959, mtoto wa pili kati ya watano wa baba yetu, mpiga chapa, na mama yetu, mshonaji. Mimi ninayesoma wasifu huu ni kitinda mimba. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka miguu yangu ikakaribia kuburura chini, na bado akikataa nitembee.

Alianza shule ya msingi mwaka 1966, akamaliza sekondari mwaka 1977. Mwaka 1979 alihitimu chuo cha uhazili, wa kwanza darasani kwa kasi ya kupiga chapa. Mwalimu wake aliandika kwenye ripoti kuwa ni mwepesi wa vidole na mgumu wa kukubali kushindwa. Baba aliisoma ripoti hiyo kwa kila mgeni.

Tarehe 2 Juni 1980 aliajiriwa hospitalini kama karani wa masjala. Huko ndiko alikokutana na shemeji yetu, fundi seremala, aliyeitwa kutengeneza droo ya meza yake, kisha akarudi mara tatu kuikagua droo isiyo na tatizo lolote. Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1982, wakajaliwa watoto wawili.

Hospitali ilipopata seva, yaani kompyuta kuu ya mtandao, mwaka 1999, wenzake waliikwepa kama ugonjwa. Yeye akaomba kwenda mafunzo. Mtandao wenyewe ulikuwa wa kusuasua. Kurasa za barua pepe hazikufunguka, na majibu kutoka maabara kuu yakikwama, wagonjwa walikwama nayo. Basi akaamua kuweka kwenye seva programu ya barua pepe ya maandishi matupu, isiyo na picha, inayoendeshwa kwa kuandika amri: moja ya kusoma, nyingine ya kujibu, nyingine ya kufuta. Programu ikakubali kupokea barua, ikakataa kutuma. Jumamosi nzima alishinda kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mashuka. Shemeji alipompelekea chakula alimkuta karibu kulia. Bila kujua lolote la kompyuta, akachukua karatasi ya maelekezo, akaanza kumsomea herufi moja moja. Walipofika mstari wa saba akamwambia, "Mke wangu, hapa pana nukta. Kwako haipo."

Nukta ikawekwa, barua ikaenda. Ilikuwa ya kumwuliza daktari wa ghorofa ya juu kama ameipata. Daktari hakuijibu, alishuka ngazi mbio kuja kusema ameipata.

Akawafundisha madaktari na wauguzi, mmoja mmoja, na jina la Mama Amri likaanzia hapo. Shemeji alikuwa akisema kwamba nyumbani amri zake hazikuhitaji kompyuta.

Jambo linalofuata aliniagiza mwenyewe nisilifiche. Tarehe 5 Agosti 2003, akipunguza mizigo kwenye seva iliyojaa, aliandika amri ya kufuta mahali pasipo pake, na barua za hospitali nzima za miezi minane zikapotea. Nakala za akiba hazikuwepo. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika mara mbili, na mganga mkuu alikwisha kuulaumu. Kesho yake, kwenye mkutano wa asubuhi, dada alisimama.

"Umeme hauna kosa," alisema. "Nimefuta mimi. Nilikuwa na haraka."

Kisha akapita wodi kwa wodi na daftari, akimwuliza kila mtu alikuwa anasubiri barua gani, akaandika huku na huko kuomba zitumwe upya. Alianza na wodi ya watoto. Muuguzi mkuu wa wodi hiyo, tuliye naye hapa, ameniambia kuwa majibu ya watoto wanne yalirudi siku ile ile, na wote wanne walipona. Kazi yote ilimchukua siku kumi na tisa. Mganga mkuu alimpa barua ya onyo, na pamoja nayo funguo za chumba cha seva, akasema hataki zishikwe na mtu mwingine. Tangu hapo alihifadhi nakala kila Ijumaa, hadi alipostaafu mwaka 2019.

Januari 2022 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Alitibiwa kwa uangalifu mkubwa, na alibishana na madaktari kwa uangalifu huo huo. Yeye na binti yake, anayeishi mbali, walikuwa wamekosana na hawajaonana miaka minne. Binti alifika siku mbili kabla ya mwisho, akaanza kuomba radhi akiwa bado mlangoni na mkoba begani. Dada akapigapiga godoro kwa kiganja.

"Umefika, mwanangu. Kaa hapa nikuone."

Alifariki nyumbani, Ijumaa tarehe 3 Mei 2024, saa nne asubuhi, mumewe upande mmoja na binti yake upande wa pili.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu na wadogo zake watatu. Tunamrudisha kwa Mola kwa shukrani. Dada, pumzika, tulikupenda, na ulijua.