Tuktuk ya Kwenda kwa Bi Kafedha

Baraza yetu iko Kongowea, nyuma ya soko, ukutani mwa nyumba ya Hashim muuza kahawa. Benchi ni moja, la mbao, na mimi ndiye ninayekaa katikati. Jina langu Najib, lakini hapa naitwa Daktari, kwa sababu nina watoto watano na sijawahi kushindwa na swali. Kushoto kwangu hukaa Jaffar, tunayemwita Redio, maana huyo hata umeme ukikatika yeye anasema. Kulia yuko Justus wa mkokoteni, mtu wa bara, ila miaka kumi na miwili ya Kongowea imemfundisha kunywa kahawa chungu bila kukunja uso. Jumamosi hiyo, alasiri imeshaswaliwa, tuktuk ya Mwidani, kijana wa mtaa wetu, ikasimama mbele yetu. Mkewe Nusaiba ana mimba ya kwanza, na mwezi wa tisa ushaingia. Kwa desturi yetu, mimba ya kwanza mke huenda kwao kungojea siku yake, na arobaini akaimaliza hukohuko. Nusaiba alikawia kwenda. Asubuhi hiyo mamake, Bi Kafedha wa Mishomoroni, alimpigia mkwewe simu: kabla ya magharibi namtaka mwanangu hapa, na wewe usije mikono mitupu.

— Assalam alaykum, — akasema Mwidani, injini hata hakuizima. — Kikombe kimoja tu, Hashim. Namwendea Nusaiba, ashajitayarisha.

— Waalaykum salaam. Zima kwanza, — nikamwambia. — Umebeba nini cha kwa mkwe?

Akatuonyesha kiti cha nyuma. Kikapu kimoja: samli, asali, pilipili manga ya uji, na leso doti mbili.

Jaffar alicheka mpaka kahawa ikamtokea puani.

— Hivyo ni vitu vya kumtazamia mgonjwa wa mafua! Bi Kafedha atakufunga kwa leso zako mwenyewe akurudishe Kongowea.

— Lakini ndivyo alivyoniandikia Nusaiba.

— Nusaiba amezaa mara ngapi? — nikamuuliza.

— Hajazaa, Ami.

— Basi. Mimi nimezaa mara tano.

— Wewe? — Hashim akauliza, huku anamimina.

— Mimi. Na mke wangu alisaidia.

Mwidani akaketi. Kijana wa watu, akaanza kuvihesabu upya vitu vya kikapu kwa vidole. Nikamwonea huruma, wallahi, nikaamua kumsomesha.

— Sikiza. Mzazi hukandwa maji moto asubuhi na jioni, siku arobaini. Hayo maji yatachemka kwa kutazamwa na wewe? Mkaa uko wapi?

Mwidani akamtazama Justus, Justus akainuka. Sokoni ni hapo tu. Wakarudi na gunia la mkaa, wakaliketisha kwenye kiti cha nyuma kama bibi harusi.

— Sasa jogoo, — nikasema.

— Bi Kafedha ashaweka kuku watatu wa supu.

— Hao kuku wa nani?

— Wake.

— Umeona? Mzazi akinywa supu ya kuku wa kwao peke yake, mtoto hufanana na wajomba zake mpaka anaota ndevu.

Mwidani akafikiri kidogo.

— Nusaiba ana ndugu wanne, — akasema polepole, — na wote wana masikio yale...

— Yale yale! — akaruka Jaffar. — Mwanao atakuwa hapiti mlangoni. Mlete jogoo!

Jogoo akaletwa, mwekundu, mkorofi, tukamfunga miguu tukamweka juu ya gunia. Hapo simu ya Mwidani ikalia.

— Naja, Nusaiba. Naam. Niko njiani.

Injini ilikuwa imezimwa kitambo.

— Mtu wangu, umesahau maziwa, — akasema Justus. — Kwetu mwanamke akijifungua, baba analeta mkungu wa ndizi. Mama akila ndizi za kupika, maziwa yanashuka kama mfereji umepasuka. Kuna lori limeingia leo asubuhi.

— Mkungu mzima?

— Ukileta nusu, mtoto ananyonya upande mmoja.

Sikumpinga, kwa kuwa mambo ya bara siyajui, na mkungu wenyewe ulikuwa mzuri. Ukaingia, miguuni pa gunia.

Jaffar akaona anapitwa. Akaingia kwake, nyumba ya tatu kutoka hapo, akatoka amekumbatia redio yake ile ya zamani, ina spika mbili, kubwa kama banda la njiwa.

— Mtoto atakaa arobaini nzima Mishomoroni, — akasema. — Atasikia maneno ya Mishomoroni mchana na usiku. Akirudi hapa hatakujua, atakuita shemeji! Ifungulie hii, sikio lake lizoee makelele ya Kongowea.

— Ami Jaffar, Mishomoroni ni hapo tu.

— Nairobi pia ni hapo tu kwa mwenye ndege.

Redio ikaingia. Simu ikalia tena. Naja, naja. Mimi nami siwezi kuachwa nyuma na Jaffar kwenye jambo la uzazi, basi nikamwambia bado mbuzi ya kukunia nazi.

— Mkwe anayo mbuzi, Ami Najib!

— Ya mkwe imekunia nazi za harusi, za matanga, za nani na nani. Meno yake yamechoka. Tui la mzazi lataka meno mapya. Mimi watoto wangu wote watano walikunwa, yaani, walikuniwa kwa mbuzi mpya.

Justus akanigeukia.

— Daktari, siku mkeo mama Zubeda anajifungua wa kwanza, wewe ulikuwa wapi?

— Nilikuwa nasimamia.

— Alikuwa hapa, — akasema Hashim, hata kichwa hakuinua. — Amelala juu ya benchi hili, mdomo wazi. Mkewe alipelekwa na jirani.

— Nilikuwa nasimamia kwa mbali, — nikasema.

Simu ikalia mara ya tatu, ikakatika kabla Mwidani hajaitoa mfukoni. Tulikuwa tunaisukumiza mbuzi mpya ya nazi, imetoka sokoni sasa hivi, pembeni mwa kiti cha dereva, upande mmoja Mwidani, upande mmoja mimi, tuliposikia sauti nyuma yetu.

— Shikamooni.

— Marahaba, — tukajibu wote kwa pamoja.

Alikuwa Nusaiba. Amekuja kwa miguu, polepole, buibui limemsimama mbele kama tanga, mkono mmoja kiunoni na mwingine umeshika begi dogo la nguo za mtoto. Akaitazama tuktuk. Akautazama mkaa, na jogoo juu yake, na ndizi, na redio.

— Mwidani.

— Naam.

— Vyote hivi vinakwenda kwa mama?

— Naam, mke wangu. Sijaacha kitu.

— Na mimi nitakaa wapi?

Jaffar Redio akaizungusha swichi ya redio yake kuipunguza sauti, na haikuwa imewashwa. Justus akausukuma mkungu ndani kidogo. Mimi, ambaye sijawahi kushindwa na swali, nikamwita Hashim aniongeze kahawa.

— Mbuzi ya nazi, — akasema Jaffar mwishowe, kwa sauti ndogo, — si ina pa kukalia?

Nusaiba akalitazama lile jino la chuma. Akashika nguzo ya tuktuk, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu.

— Nusaiba! — Mwidani akamshika bega. — Imeanza lini?

— Tangu adhuhuri. Nilikuwa nakupigia nikwambie, nawe wasema naja, wakata. Twende hospitali, mama atatukuta huko.

Sijaona watu wazima wakishusha mzigo namna ile. Justus alilivuta gunia peke yake, jogoo akafunguka akaruka juu ya kichwa cha Jaffar, na mimi nikapigwa na redio kwenye goti, ningali nachechemea. Mwidani alipoinua kikapu chake, Nusaiba akamzuia.

— Hicho kiwache. Hicho ndicho nilichoandika.

Akaketi vizuri, begi mapajani. Tuktuk ikaondoka na honi mpaka barabarani.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama simu ya Hashim ilipolia. Mwidani: wamefika, Nusaiba amepokelewa, Bi Kafedha yuko naye ndani. Sote tukasema alhamdulillahi, tukataka kuketi.

Benchi lilikuwa limejaa. Gunia la mkaa liko kushoto, mahali pa Jaffar, mkungu wa ndizi kulia, mahali pa Justus, na katikati, mahali pangu mimi, jogoo amelala juu ya redio. Hashim akatikisa dele lake la kahawa, likalia tupu. Nikafungua mdomo niulize mimi nitakaa wapi, kisha nikaufunga.